Kulalisha Karatasi

Kitenzi kunyoosha kina heshima kubwa katika Kiswahili. Tunanyoosha nguo kwa pasi, waya kwa nyundo, mgongo baada ya kazi, na maneno kwa kuyasema bila kuzunguka. Mzee akisema kijana fulani amenyooka, anamsifu. Mwalimu akisema sentensi haijanyooka, mwanafunzi anajua kwamba atairudia. Nami nilikuwa na imani na kitenzi hiki, kama kila anayesoma katika kitivo cha lugha, mpaka familia iliponipa kazi ya kuitengeneza picha moja ya karatasi iliyojaa mawimbi, ili itiwe katika fremu mpya. Kazi hiyo ilichukua wiki tano. Nilichojifunza ndani yake ni kwamba kitenzi kilicho mdomoni ndicho kinachoongoza mkono. Mtu anayesema atanyoosha karatasi huanza mara moja kutafuta pasi.

Picha yenyewe ni chapa ya lino. Mjomba wangu aliichonga alipokuwa kijana anayesomea sanaa hapa mjini. Kwa wasioijua kazi hii, msanii huchukua kipande cha linoleamu, ile tandiko nene ya sakafu, akakichonga kwa patasi ndogo. Anachotaka kionekane cheusi hukiacha juu, na anachotaka kibaki cheupe hukiondoa. Hufanya yote hayo kinyume, kushoto kukiwa kulia, kwa sababu karatasi itageuza kila kitu. Kisha hupaka wino kwa rola, huweka karatasi juu na kuikandamiza. Lino moja inaweza kutoa nakala nyingi. Lakini lino ya mjomba ilipotea familia ilipohama nyumba, na nakala nyingine aliziuza au kuzigawa, hatujui kwa nani. Ilibaki moja tu, ile aliyompa mama yake, yaani kambo wangu.

Si kubwa, ni kama sentimeta 40 kwa 30. Inaonyesha wanawake watano wakingoja maji kwenye bomba la mtaa huko Katuba, ndoo na mabeseni yakiwa miguuni, na kwa mbali kile kilima cheusi cha mabaki ya madini ambacho kila mkaaji wa Lubumbashi anakijua, na dohani ndefu kando yake. Mwanamke wa tatu amegeuka nyuma kama aliyeitwa. Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, mjomba aliandika kwa kalamu ya wino wa buluu: "Kwa mama, ule alinifundisha kuangalia mbele ya kujua kusoma."

Kambo hajui kusoma. Mstari huo anaujua kwa moyo, kwa sababu mjomba alimsomea siku aliyomletea picha, naye akautunza. Huweka kidole chini ya maneno, akausema kutoka mwanzo hadi mwisho, na kidole kinafika mwisho pamoja na sauti.

Mjomba alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza. Siku chache baadaye mama aliishusha picha ukutani akaona hali yake. Ilikuwa imevimba kama mkate. Katikati ilikuwa imegusa kioo, kingo zilikuwa zimefanya mawimbi, na pembe ya chini upande wa kushoto, pale mstari unapoanzia, ilikuwa imeinuka kabisa. Familia ikakubaliana kwamba picha iwe imetengenezwa na kutundikwa kabla ya siku ya kuondoa matanga. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma, na kwa familia yetu anayesoma ni mtu wa karatasi, kazi ikawa yangu. Tulikuwa na wiki tatu.

Nilianza kwa kuuliza kwa nini karatasi inajikunja. Jibu ni rahisi, na nadhani kila mmoja wetu anayetunza vitabu, diploma au barua za wazazi katika mji huu anapaswa kulijua. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolazwa pamoja, na nyuzi hizo zinapenda maji. Haihitaji kumwagiwa, hewa yenye unyevu inatosha. Uzi ukinywa unyevu hunenepa, lakini haurefuki karibu hata kidogo. Na katika karatasi ya kiwandani nyuzi nyingi zimelala kuelekea upande mmoja, ule ambao mashine ilikuwa inavutia. Kwa hiyo karatasi ikinywa hewa hupanuka sana upande mmoja na kidogo tu upande wa pili. Ikikauka hurudi, lakini hairudi kila mahali kwa mwendo mmoja.

Hilo peke yake si tatizo. Karatasi iliyo huru hupanuka na kusinyaa bila mtu kugundua. Tatizo huanza tunapoizuia. Fundi wa kwanza, ambaye jina lake limesahaulika nyumbani, aliibandika picha ya kambo kwa utepe wa gundi pande zote nne, juu ya katoni ya kahawia, kioo kikiwa kimelala juu ya wino. Mvua zilipokuja karatasi ilitaka kupanuka, ikakuta milango yote imefungwa. Ikawa haina pa kwenda ila juu, kwa mawimbi. Ukuta nao ulikuwa wa nje, ule unaopigwa na mvua kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu. Kisha unakuja ukavu wetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, ambapo hewa ya mji huu ulio juu karibu mita 1,200 hupasua midomo na kufunga mafua puani. Mwaka baada ya mwaka karatasi ilivutwa na kuachiwa, ikavutwa na kuachiwa.

Nafikiri hapa ni mahali pa kukumbusha kwamba picha za karatasi si jambo geni katika Katanga. Miaka ya 1920, huko Bukama, Albert Lubaki alichora kwa rangi za maji kwenye karatasi aliyopewa na Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa amevutiwa na michoro ya kuta za nyumba. Karatasi hizo zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, na mwaka 2015 baadhi yake zilionekana tena Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Hapa mjini, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar, ambamo akina Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, aliyechora kwa vidole vyake, walifanya kazi nyingi juu ya karatasi. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha shule ya sanaa. Sehemu kubwa ya kazi hizo leo iko mbali na mvua zetu, katika vyumba ambavyo hewa yake inapimwa usiku na mchana. Zilizobaki kwetu ziko sebuleni, juu ya makochi, kwenye misumari. Hatima yake inategemea nani atazishika, na kwa kitenzi gani.

Nilipata mashauri matatu, na yote matatu yalitoka kwa watu wenye nia njema.

La kwanza lilikuwa la yaya wangu: pasi. Weka kitambaa juu, nyunyiza maji, pitisha pasi, dakika tano kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba pasi hukausha kwa nguvu na kwa haraka, na hukausha pale tu inapogusa. Uzi wa hapa unasinyaa wakati jirani yake bado ana maji, na karatasi inatoka na mikunjo mipya myembamba ambayo ni migumu kuliko ile ya zamani. Joto linaweza pia kulainisha wino wa mafuta ukashika kitambaa. Tena chapa ya lino ina kitu ambacho picha ya simu haionyeshi: ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unasikia vilima vidogo pale lino ilipokandamiza. Ule ni mkono wa msanii. Pasi ingeusawazisha.

La pili lilikuwa la fundi mmoja wa kando ya barabara: gundi. Tubandike karatasi yote juu ya ubao wa tripleksi, haitajikunja tena maisha. Alisema kweli, haitajikunja. Lakini pia haitatoka tena. Ubao una mwendo wake katika mvua na katika ukavu, na karatasi ina mwendo wake. Ukizifunga pamoja, dhaifu ndiye atakayepasuka. Na asidi iliyo ndani ya mbao ingeendelea kuigeuza karatasi rangi ya chai, kama ile katoni ya kahawia ilivyokuwa imeanza kufanya.

La tatu lilikuwa la fundi huyo huyo, nilipokataa la pili. Alitazama picha vizuri, akaonyesha kwamba mawimbi mengi yapo kwenye ukingo, siyo kwenye picha yenyewe. Basi tukate ukingo. Sentimeta nne kila upande, wembe mmoja, na kinachobaki kitalala chenyewe. Nataka kuwa mwadilifu: kati ya mashauri matatu hili ndilo lililokuwa na mantiki zaidi. Lingefaulu. Wanawake watano wangebaki, kilima kingebaki, hata yule aliyegeuka nyuma angebaki. Ungeondoka mstari tu. Nilimuuliza, na maandishi? Akasema maandishi tunaweza kuyapiga upya kwenye mashine na kuyabandika nyuma.

Niliikunja plastiki juu ya picha nikaenda zangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa komuni ya Kenya, anayetengeneza fremu za picha za arusi na za watakatifu. Karakana yake ni chumba kimoja kilichojaa vipande vya mbao na vioo. Nilipompa picha hakutazama wanawake wala kilima. Aliigeuza akaangalia mgongo wake, akaukaribisha dirishani ili mwanga upite pembeni na kuonyesha kila wimbi. Kisha akavuta pumzi.

"Mama, hii karatasi haiko mugonjwa. Iko inakumbuka tu."

"Inakumbuka nini, Papa?"

"Maji yenye iliingia. Na kole yenye ilifunga njia."

"Basi utainyoosha?"

"Hapana. Tutailalisha."

Nimeliandika neno kama alivyolisema. Kamusi ingependa kulaza, na maana ni ile ile. Lakini kwetu kulalisha ni neno la mama na mtoto, na Papa alilisema kwa namna hiyo. Mtoto asiyetaka kulala humshindi kwa nguvu. Unamtuliza kwanza, halafu unakaa naye mpaka usingizi umkolee, na huondoki mapema.

Kwanza alitoa utepe wa zamani. Plastiki yake ilikuwa imekauka na kuachia karibu yenyewe, ila gundi ilikuwa imeingia ndani ya karatasi na kuacha mistari ya njano, ambayo ipo hadi leo. Kisha akafanya jaribio. Alizungusha pamba kwenye njiti, akailowesha kidogo sana, akagusa wino mweusi mahali pasipoonekana. Pamba ilibaki nyeupe, kwa kuwa wino wa mafuta uliokauka hauogopi maji. Akachukua njiti nyingine, akagusa nukta iliyo mwisho wa mstari wa mjomba. Nukta tu, siyo neno. Pamba ikatoka na buluu.

Alinionyesha ile pamba bila kusema kitu. Wino wa kalamu ulikuwa wa maji, na maji yangeuchukua. Kama fundi wa pasi angenyunyiza maji, maneno yangekuwa doa kabla hajashika mpini.

Hapo palikuwa na uchaguzi, na Papa aliniachia mimi. Karatasi haikubali kulala kabla haijalainika, na hailainiki bila unyevu. Kadiri unyevu unavyokuwa mwingi, ndivyo mawimbi yatakavyokwisha vizuri, na ndivyo wino wa buluu utakavyokuwa hatarini. Tungeweza kupata karatasi iliyolala kabisa na mstari uliofifia, au mstari mzima na karatasi yenye wimbi. Nilimwambia tulinde mstari. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa amekwisha kupanga hivyo.

Njia yenyewe haina siri, na vifaa vyake vinapatikana. Alichukua sanduku kubwa la plastiki lenye kifuniko. Chini aliweka vitambaa vilivyoloweshwa na kukamuliwa sana. Juu yake, kwa umbali wa kiganja, aliweka wavu wa waya uliofunikwa kwa kitambaa kikavu, na juu ya kitambaa akailaza picha, uso juu. Karatasi haikugusa maji hata mara moja. Ilinywa mvuke tu. Upande wa mstari aliufunga kati ya vipande viwili vya buvari kavu, ile karatasi nene ya kunyonya wino, ili unyevu unaofika pale unywewe na buvari kabla ya wino. Kifuniko alikiweka kwa mshazari, matone yateremke pembeni yasidondoke juu ya picha. Kila dakika kumi alifungua, akatazama, akagusa pembe moja kwa mgongo wa kidole. Baada ya dakika arobaini hivi karatasi ililegea. Haikuwa na maji, ilikuwa laini tu, kama jani la mhogo lililokaa juani kidogo.

Sasa ndipo alipoilalisha. Juu na chini yake aliweka kitambaa chembamba kisichoshika, kisha buvari kavu, kisha kipande cha blanketi kwa ajili ya vile vilima vya lino visisagwe, kisha mbao mbili zilizo sawa, na juu kabisa matofali manne yaliyofungwa katika vitambaa, yaliyopangwa ili uzito uwe sawa kila mahali. Baada ya nusu saa alibadilisha buvari, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imenyonya unyevu wake. Akabadilisha tena jioni. Kesho yake tena. Halafu mara moja kwa siku.

Nilidhani siku tatu zitatosha, kwa kuwa mkononi karatasi ilionekana imekauka. Papa alikataa. Karatasi iliyotolewa ikiwa na unyevu hata kidogo huumaliza kukauka hewani, bila uzito, na inarudia mawimbi yake yote kwa siku moja. Na katika mwezi wa pili, mvua ikinyesha kila alasiri, hewa yenyewe imeshiba maji. Kila kitu hukauka polepole. Wiki ya kwanza ilipokwisha tulifungua, tukakuta mawimbi yamepungua nusu. Akairudisha sandukuni, dakika chache kuliko mara ya kwanza, akailalisha tena. Akasema itahitaji mara tatu.

Mara tatu zilikuwa na maana kwamba siku ya kuondoa matanga ingefika picha ikiwa chini ya matofali.

Nilimwomba. Nilimweleza kwamba wageni watatoka Likasi na Kolwezi, kwamba msumari umekwisha kupigwa, kwamba tunaweza kuitoa kwa siku moja na kuirudisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nikitaka kuichukua ni mali yetu, lakini asiitwe tena kuitengeneza. Nilirudi nyumbani bila picha.

Siku ile msumari ulikaa mtupu ukutani, na kila aliyeingia aliuona. Shangazi mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi ukimpa msomi kazi, atakuletea maelezo. Mama alinitazama. Nilikuwa nimetayarisha maelezo kweli, juu ya nyuzi na unyevu, lakini kambo alitangulia. Kila asubuhi alikuwa ameniuliza picha iko wapi, nami kila asubuhi nilimjibu kwa neno la Papa, kwamba bado inalala. Alinyanyua mkono watu wakanyamaza.

"Mutoto akilala, hatumuamushe juu ya bageni."

Hakuna aliyeongeza neno. Baadaye kidogo alifumba macho, akaunyoosha mkono mbele yake kana kwamba picha iko pale, akausema mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, na kidole kilitembea hewani na kufika pamoja na sauti. Watu wengi wa ukoo walikuwa hawajawahi kuusikia. Ndugu wa Kolwezi aliomba aurudie, akauandika.

Ndugu huyo aliuandika hivi: "Kwa mama, yule aliyenifundisha kutazama kabla ya kujua kusoma." Alinipa karatasi yake akidhani ananisaidia, na jioni yaya akapendekeza tuyapige maneno hayo kwa herufi nzuri na kuyaweka chini ya kioo, ili wageni wasidhani mjomba hakujua Kiswahili. Kwa wasomaji wa jarida hili sihitaji kueleza kilichobadilika. Ule umekuwa yule, kirejeshi kimerudi mahali pake, na mbele ya imekuwa kabla ya. Kila sahihisho ni sahihi. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi mbele ndiyo kabla, na katika Kiswahili cha kamusi kuangalia mbele ni kutazama kunakokuja. Mstari wa mjomba unasema yote mawili kwa wakati mmoja. Mama alimfundisha kuangalia kabla hajajua kusoma, na alimfundisha kuangalia mbele. Sijui kama alikusudia. Ninajua tu kwamba sentensi iliyonyooshwa inasema jambo moja, na ile ya ukingoni inasema mawili.

Sisemi hivyo kuwaudhi walimu wangu. Kuna sentensi zinazohitaji kunyooshwa, na zangu nyingi zimo. Nasema tu kwamba kabla ya kuinyoosha, tuigeuze kwanza kama Papa alivyoigeuza picha, tuone mgongoni imepitia nini na inashikilia nini.

Wiki ya tano Papa aliinua matofali kwa mara ya mwisho. Picha ilikuwa imelala. Wanawake watano walikuwa mahali pamoja na kilima, bila bonde kati yao. Vilima vya lino bado vilisikika nyuma. Pembe ya chini upande wa kushoto, ile tuliyoikinga na mvuke, ilikuwa na wimbi moja dogo, urefu wa kidole. Wino wa buluu ulikuwa kama ulivyokuwa, isipokuwa ile nukta, ambayo sasa lazima uitafute.

Fremu aliitengeneza kwa kanuni moja: karatasi isishikwe, ipewe mahali pa kukaa. Hakutumia gundi wala utepe. Alikunja mifuko minne midogo ya karatasi safi, akaibandika kwenye katoni nyeupe isiyo na asidi, na pembe za picha zikaingia humo kwa ulegevu wa milimita mbili. Mbele yake aliweka paspatu, ile katoni yenye dirisha, inayofanya kioo kisiiguse picha. Mafundi wengi hukata dirisha lifike ukingoni mwa mchoro tu. Yeye alilikata pana zaidi chini, ili mstari wote uonekane pamoja na wimbi lake. Nyuma ya fremu aligundisha vipande vinne vya kizibo, hewa ipite kati yake na ukuta. Nasi tukang'oa msumari wa ukuta wa nje, tukapiga mwingine katika ukuta wa ndani.

Ninawaomba wenzangu jambo dogo. Kabla mvua hazijarudi, shusheni picha na vyeti vilivyo kwenye kuta za nyumbani, mvigeuze. Kama kuna utepe pande zote nne, kama kioo kimelala juu ya karatasi, kama ukuta una jasho, bado kuna wakati. Msichukue pasi. Mkikuta maandishi ukingoni, yasomeni kwanza kwa sauti kwa mtu mzima wa nyumba, maana huenda yeye ndiye anayejua yanavyotamkwa.

Picha ya kambo imekwisha kupita msimu mmoja wa ukavu ndani ya fremu yake. Mwezi wa saba wimbi la pembeni lilipotea kabisa, tukadhani limekwisha. Mvua ya kwanza iliponyesha likarudi, dogo vile vile, mahali pale pale, na kwa kuwa sasa hakuna kinachoizuia, karatasi haikujikunja zaidi ya hapo. Kambo hulipapasa kioo pale kila asubuhi. Anasema ndipo anapojua kama ni wakati wa kupanda mahindi.